Msomaji Aliyeshona Mwisho wa Kitabu

Kitabu kipya kikifika Kismayo kutoka Mombasa, Msomaji wetu hakukianza kama watu wengine wanavyoanza vitabu. Alitafuta kwanza sura ya mwisho inapoanzia, akageuza uso ukutani, akachukua shazia, ile sindano nene tunayoshonea mikeka, akazishona kurasa zote za mwisho kwa uzi mweupe. Hakuchungulia hata neno moja. Nimemtazama mara nyingi akifanya hivyo, na mimi si mtu wa kudanganywa kirahisi. Akimaliza alikata uzi kwa meno na kusema, "Haya, na tumsikilize huyu muuaji."

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa mlango gani. Mwenyewe hakupenda maswali hayo; alisema ni maswali ya watu wa posa. Kwetu sisi wanawake wa mtaa alikuwa Msomaji, na sisi tulikuwa wasikilizaji wake. Kila siku baada ya sala ya Adhuhuri, wanaume wakilala, tulikusanyika uani kwake na miyaa yetu ya kusukia mikeka, kila mmoja akasuka ukili wake, naye akakaa juu ya kiti cha chini akatusomea. Hakusoma kitu kingine ila riwaya za upelelezi: vitabu vidogo vya karatasi nyepesi, gamba lina picha ya bastola au mwanamke anayepiga ukelele. Mabaharia walimletea pamoja na sabuni na unga. Wakati ule serikali ilikuwa ikitusomesha Kisomali kwa bidii, na sisi tulijifunza bila kinyongo, lakini wauaji wetu walikuwa Waswahili.

Sheria ya uani pale ilikuwa moja. Tukifika kwenye uzi, alikifunga kitabu juu ya paja, na kila mwanamke alitakiwa aseme kwa nini mwovu alifanya alichofanya. Siyo nani, kwa nini. Aliyesema "Ni yule mwenye duka" akanyamaza, alikuwa hajasema kitu. Na aliyesema "Sijui" ndiye aliyepata adhabu: kuinuka, kushika dele la kahawa, kuwamiminia wote kwa kuanzia mkubwa, kisha kuosha finjani. "Hajui," Msomaji alikuwa akitangaza. "Kahawa ni juu yake." Baada ya hapo tu ndipo uzi ulipofumuliwa na sisi tukapata kujua kama mwandishi alikubaliana nasi. Asipokubaliana nasi, Msomaji aliamua kwamba aliyekosea ni mwandishi.

Nilikuwa bi harusi mpya nilipoingia uani pale, nimepelekwa na mavyaa wangu, mama wa mume wangu. Siku ya kwanza nilisema muuaji aliua kwa sababu ni mtu mbaya. Wanawake walicheka mpaka miyaa ikawaanguka. Msomaji hakucheka. Aliniangalia juu ya miwani yake, ambayo mkono mmoja ulikuwa umefungwa kwa uzi, akaniambia kwa lahaja ya visiwani, ambayo mtu humwita mchu, "Mwanangu, mchu mbaya hajazaliwa bado. Kuna mchu aliyeumizwa, kuna mchu aliyeogopa, kuna mchu aliyeona wivu ukamzidi. Chagua." Nikachagua woga. Nikakosea, lakini kahawa nilisamehewa kwa kuwa nilijaribu.

Waandishi aliwapima kwa mizani yake mwenyewe. Aliyempa mwovu kovu usoni, ili msomaji amtambue tangu ukurasa wa kwanza, alimdharau. "Huyu hajapata kuishi nyumba moja na mwivi," alisema. "Mwivi ana uso mzuri, anakusaidia kuteka maji." Mwandishi aliyesema muuaji alikuwa kichaa tu, basi, naye alimwona mvivu wa kupindukia, na kitabu chake hakikurudi sandukuni. Alikichana kurasa akampa muuza njugu wa sokoni afungie njugu. Kwa miezi mizima tulikula njugu zilizofungwa ndani ya vichaa. Lakini alikuwa na mwandishi mmoja aliyempenda, aliyeeleza jinsi muuaji, baada ya kumsukuma mkubwa wake kisimani, alivyorudi nyumbani akaanza kupanga viatu vya watoto mstari mmoja. Msomaji alisoma mahali pale mara tatu. Alisema mtu aliyeharibu jambo kubwa hutafuta jambo dogo la kutengeneza. Tangu siku ile mume wangu akipanga vitu bila kuombwa, mimi huuliza kumetokea nini, na mara nyingi kumetokea kitu.

Jirani yetu mmoja alikuwa afisa wa polisi, Msomali wa bara, mtu mrefu mpole. Alizoea kuja kusimama nje ya ukuta akisikiliza bila kuelewa, mpaka siku moja Msomaji akamwambia aketi mlangoni, naye akawa anamfasiria kila ukurasa kwa Kisomali. Afisa alistaajabu. "Abaayo," alimwambia, maana yake dada, "mimi mtu akiletwa namuuliza kitu kiko wapi. Nikishakipata, kazi imekwisha."

"Ndiyo maana anarudi kwako mwaka ujao," Msomaji akamjibu.

Afisa alicheka, lakini akaendelea kuja. Na siku tulipofika kwenye uzi, zamu yake ikafika, alifikiri sana akasema mhasibu wa kitabuni aliiba kwa sababu mkwewe alimdharau mbele za watu. Ndivyo ilivyokuwa. Sijaona mwanamume mwenye bunduki kiunoni akifurahi vile kwa kusamehewa kumimina kahawa.

Msidhani basi kwamba alikuwa mtakatifu. Alikuwa mdokozi. Akiingia jikoni kwako hatoki mikono mitupu: iliki mbili, karafuu, kipande cha tangawizi. Siku moja nilimkamata mkono ukiwa ndani ya kopo langu. Hakuona haya hata kidogo.

"Sema kwa nini," akaniambia.

"Kwa sababu unapenda iliki."

"Umekosa. Iliki ninayo kwangu, tele. Hii umeiweka rafu ya juu tangu juzi, nikajua unanificha. Mchu akifichwa kitu, anatamani kujua ni kwa nini amefichwa."

Nililiteremsha kopo, na hakuligusa tena. Alikuwa pia hodari wa kununa. Muuza sukari aliyempunja kidogo alinyimwa salamu mpaka alipohama mtaa. Nikawa najiuliza, inakuwaje mtu aweze kumwelewa muuaji wa watu watano, huku muuza sukari amemshinda? Nilimuuliza hivyo hivyo, kwa utani. Akanijibu kwamba muuaji wa kitabuni hajamkosea yeye. Jibu lile nililichukua kama mzaha wake mwingine.

Kisha ikaja siku ambayo hakutusomea.

Kitabu alikuwa nacho mkononi, amekifungua katikati, na sauti ilikuwa ile ile ya kusoma. Alisoma habari za kisiwa, na mvuvi wa kasa mwenye chaza wake. Kwa asiyewajua, chaza ni samaki mwenye kigandisho kichwani. Wavuvi wa visiwani kwetu humfunga kamba mkiani, humwachia majini penye kasa, naye huenda akajigandisha kwenye gamba, ndipo wawili wale wakavutwa pamoja. Chaza mzuri hufugwa kwenye maji ya kina kifupi, hulishwa kwa mkono, na watu humjua kama wanavyomjua ng'ombe wa jirani. Basi katika hadithi ile, asubuhi moja chaza wa mvuvi hakuwapo. Watu wa kisiwani walikuwa na imani kwamba chaza humkimbia mvuvi ambaye nyumbani kwake kuna ugomvi. Wakamgeukia mke wa mvuvi, bi harusi aliyetoka mjini, wakasema ulimi wake ndio uliomfukuza samaki. Kila akienda kisimani wanawake walinyamaza.

Mikono yetu ilisimama. Kitabu chenye chaza hakikuwa kimepata kuandikwa Mombasa. Nami nilikuwa nimekaa karibu naye, nikaona kwamba tangu aanze hakugeuza ukurasa hata mmoja. Macho yake hayakuwa yakienda na mistari, yalikuwa mahali pamoja.

Akaendelea. Mvuvi alipoichunguza kamba alisema chaza hakukimbia, amefunguliwa na mkono wa mtu. Mke akapumua, lakini sasa shaka ikamwangukia kijana wa nyumba ya pili, ambaye alikuwa amegombana na mvuvi juu ya kasa. Kijana akakana. Wazee wakakubaliana isomwe Halbadiri, kile kisomo cha kumwapiza mwizi asiyejulikana, ambacho hata asiye na kosa hukitetemekea. Ubani ulikuwa umekwisha kuletwa msikitini, na mama wa kijana alikuwa amejitupa chini mlangoni kwa mvuvi akilia. Ndipo mke wa mvuvi alipoinuka, akaenda mwenyewe kuitazama kamba. Aliikuta imezungushwa vizuri juu ya jiwe. Akafikiri: mwizi angechukua samaki na kamba. Adui angemchinja samaki akamwacha hapo watu wamwone. Huyu amekifungua kifundo taratibu, samaki asiumie mkia, kisha akaikunja kamba kama anavyoikunja kila siku. Na aliyekuwa akimlisha chaza yule kila siku, mbali na mvuvi, alikuwa mtu mmoja tu. Ni ndugu yake huyo mke, kijana wa kuoa, aliyekuja kisiwani kukaa nao. Akaenda msikitini, akasimama mlangoni, akamtaja.

"Ndugu hakukana," Msomaji alisema, na kitabu akakifunga. "Haya. Kwa nini?"

Mmoja alisema wivu. Mwingine akasema alihongwa na wavuvi wengine. Mavyaa wangu, ambaye ni mzaliwa wa kisiwa cha Chovae, aliinamia ukili wake. Ilipofika zamu yangu nilisema, "Alimtaka dada yake arudi mjini. Alifikiri watu wakimsema sana mumewe atamwacha, warudi kwao wawili kama zamani."

Msomaji aliweka kitabu chini. Kisha akainuka, akachukua dele, akatumiminia kahawa yeye mwenyewe, kuanzia mkubwa mpaka mdogo, na finjani akaziosha. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akijipa adhabu ya asiyejua, na niliogopa kwa namna ambayo hakuna riwaya yake iliyowahi kuniogopesha.

Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza mavyaa. Akanieleza kwa ufupi, maana hakuwa mtu wa maneno mengi. "Ni yeye, na ni nduye. Chaza ule nauyua, nimeuona kwa mato yangu." Yaani bi harusi wa hadithi alikuwa Msomaji mwenyewe, na aliyefungua kamba ni ndugu yake. Mavyaa akasema mume wa Msomaji alisamehe upesi. Alipata chaza mwingine, akawa anacheka kila akikumbuka shemeji yake alivyoondoka kwa mashua ya kwanza kwenda Ras Kamboni bila hata kuchukua kofia. Kijana aliyesingiziwa alisamehe pia, na mama yake mpaka kufa alimwombea dua yule bi harusi. Aliyekataa kusamehe alikuwa yeye tu. Walipohamia Kismayo, ndugu alituma watu, alituma kasa, alituma asali. Asali ililiwa na majirani.

Nikauliza, ni kwa sababu ya chaza?

"Si chaza," mavyaa akasema. "Siku zile vachu vakimsema, nduye alikuwa akila wali wake, amenyamaa. Na walipomuuliza kwa nini, alitazama nti, miguuni pake. Hakusema hata neno moya."

Basi nikaielewa sheria ya uani kwetu. Jibu la "nani" alilipata akiwa bado bi harusi, kwa akili ambayo wapelelezi wa vitabuni wangemwonea wivu, na ushindi ule ulimgharimu ndugu mdogo ambaye yeye ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Maisha yake yote yaliyobaki alilitafuta jibu la "kwa nini" kwenye vitabu vya watu wengine. Nasema hivi bila wasiwasi, ingawa yeye angenikatalia. Siku moja nilijitia ujasiri nikamwambia, "Bi Msomaji, ungemuuliza tena." Akanijibu kwamba mtu aliyeulizwa mbele ya wazee na hakujibu, amekwisha jibu. Nikamwambia mbele ya wazee hakuna anayejibu chochote cha kweli, na ni yeye aliyetufundisha hivyo. Hakuzungumza nami mpaka Ijumaa iliyofuata, ila iliki zangu alikuja kudokoa kama kawaida, na kopo nilikuwa nimelirudisha rafu ya juu kwa makusudi ili apate sababu ya kuja.

Vita vilipokuja vilituvuruga wote. Uani ule sijui leo ni wa nani. Sisi tulivukia Kenya, afisa wa polisi tulisikia amerudi kwao bara, mavyaa alizikwa Mombasa. Msomaji alikaa Mombasa kidogo, akasema vitabu viko vingi mno na hakuna anayevisubiri, akarudi Chovae kwenye nyumba ya mumewe, ambaye wakati huo alikuwa marehemu wa miaka mingi.

Hali ilipotulia kidogo nilikwenda kumwona, kwa mashua kutoka Kiunga, nimemchukulia kitabu. Nilimkuta amekuwa mdogo wa mwili, mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili, lakini ulimi ulikuwa ule ule. Alikipapasa kitabu, akakinusa, akauliza gamba lina picha gani. Nikamwambia mwanamume amevaa koti refu. "Joto lote hili," akasema, "huyo ndiye muuaji." Kisha akanipa shazia nishone mwenyewe, akanishika kifundo cha mkono nisichungulie. Nikawa namsomea asubuhi na alasiri, na wanawake wawili watatu wa jirani wakaja na miyaa yao. Katikati ya kusoma aliniambia, kama mtu anayetaja habari ya mvua, kwamba ndugu yake ametuma salamu tena kutoka Ras Kamboni. Amezeeka, anaumwa, anataka kuja.

"Umemjibu nini?"

"Soma," akasema.

Tulikuwa tumekaribia uzi mtu alipobisha hodi. Mlango ulikuwa wazi, nami nilimwona: mzee mwembamba, kanzu safi, kofia ameishika mkononi. Msomaji alikuwa ameinua kichwa. Hakuona kitu, lakini mikono yake iliacha kusuka.

"Nani?" akauliza. Katika miaka yote niliyomjua sikuwahi kumsikia akiuliza swali lile.

"Ni mimi, dada. Nduyo."

Wanawake waliinamia miyaa. Mzee aliingia akakaa chini karibu na mlango, mbali, kama mtu anayetaka kuwa tayari kuondoka. Hakuna aliyemkaribisha. Msomaji hakuuliza ya safari wala ya afya.

"Kwa nini?" akasema.

Mzee aliizungusha kofia yake. Nilimwona jinsi alivyotaka sana kuwa na jibu. "Dada, nimelifikiri neno hili mpaka meno yamekwisha," akasema. "Nikisema nilitaka urudi kwechu, ni kweli, lakini ni kidogo. Nikisema nilimwonea chaza huruma kwa kufungwa, ni kweli, ni kidogo. Nilikwenda kumlisha, mkono ukafungua. Nikaona aibu kusema, na kila siku aibu ikawa kubwa kuliko jana. Lakini kwa nini mkono ulifungua... Naweza kukudanganya. Sijui."

Nilikumbuka waandishi wote aliowapeleka kwa muuza njugu kwa jibu kama lile. Nilitaka kumwambia yule mzee aseme lolote, wivu, njaa, shetani, chochote ila hilo. Vidole vya Msomaji vilipapasa ukili aliouacha nusu. Machozi yalikuwa yakimtoka, naye hakuyafuta.

Mwisho aligeuza uso upande wangu.

"Mwanangu, mwonyeshe dele liliko," akasema. "Hajui. Kahawa ni juu yake."

Mzee hakuijua sheria yetu. Alitutazama mmoja mmoja akidhani anafukuzwa kwa fumbo. Nikamshika mkono nikamwinua, nikampa dele, nikamwambia aanze na mkubwa. Mkubwa alikuwa dada yake. Alipiga magoti mbele yake akamimina, kahawa nyingine ikamwagika juu ya mkeka. Msomaji aliipokea finjani kwa mikono miwili, akanywa yote, akamrudishia.

"Tena," akasema.